Nukta Nyekundu za Mama

Jiwe lililopasua kioo cha mbele cha gari la baba lilirushwa na lori la mahindi, siku tunarudi kutoka Namtumbo. Lilipiga upande wa abiria, alikokaa mama, likaacha ufa usiozidi urefu wa kidole. Mama alininyooshea mkono kiti cha nyuma, akaniomba rangi ya kucha. Alishasikia kwamba ukipaka tone mwisho wa ufa, hauendelei. Akapaka nukta nyekundu, kisha kichupa changu akakitia kwenye droo ya dashibodi, kikawa chake.

Ufa uliendelea, bila shaka. Kila ulipoipita nukta, mama alipaka nyingine mbele yake, huku akiugombeza kama mtoto mtukutu. Siku hizo alikwishaanza kuumwa, na gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka hospitali na kumrudisha. Baba alikuwa na bima kubwa, ile inayolipia hata kioo. Nilimwambia aende akadai.

"Mama yako apone kwanza," alinijibu.

Hakupona.

Baada ya mazishi ufa ulivuka nukta ya mwisho, ukatambaa hadi ukingoni. Trafiki wakaanza kumsimamisha baba, na bima ilikuwa inakaribia kuisha. Nikamburuta hadi kwa fundi wa vioo, Majengo. Fundi alimwamkia, akapitisha kidole juu ya ufa.

"Ungekuwa mdogo, mzee, ningeujaza gundi maalumu, yaishe. Huu umeshafika pembeni. Hapa ni kioo kipya tu. Na kama una bima kubwa, mshukuru Mungu."

"Hiki hakiguswi," baba akasema.

Mimi na hasira zangu, nikamfokea mbele za watu. Sasa hiyo bima unalipia ya nini? Unangoja kikumwagikie usoni? Baba alikuwa anaziangalia zile nukta. Ndipo nilipoelewa.

Mwishowe baba akakubali shingo upande. Picha zikapigwa, watu wa bima wakakubali, kioo kikaagizwa Dar. Siku ya kukibadilisha baba aliuliza kama kile kipande chenye rangi kinaweza kukatwa, apewe. Fundi alimweleza kwa upole kwamba kioo cha namna ile kina plastiki katikati, hakikatiki kipande; ukijaribu kinapasukapasuka chote. Walipokwisha kukitoa wakakiegemeza ukutani. Baba alikwenda akazigusa nukta moja moja, kisha akasema, "Haya, wekeni hicho kingine."

Kioo kipya kilikuwa kisafi mno. Nilikichukia njia nzima.

Tulipofika nyumbani baba hakuingia ndani. Alizunguka akaketi kiti cha mama, akafungua droo, akatoa kile kichupa, akanipa nimfungulie.

"Baba, hapa hakuna ufa."

"Najua."

Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania, na kilipofunguka nikaona rangi imekauka yote, brashi imegandia ndani. Nikamwambia kesho nitamnunulia nyingine, nyekundu hiyohiyo.

Baba alikichukua, akakirudisha pale mama alipokuwa akikiweka, akaifunga droo taratibu.

"Acha tu, mwanangu," akasema. "Wa kupaka hayupo."