Mtoto wa Ramadhani, Mtoto wa Idi

Nyinyi mliokua nasi Buyenzi, Bujumbura, wakati ule wa vita mtanishuhudia: avenue yetu nzima ilikuwa na televisheni moja, na hiyo moja ilikuwa kwetu. Ilikuwa ndogo kama katoni ya sabuni. Ili ionyeshe watu badala ya chenga, lazima kijana mmoja apande juu ya mabati ashike antena kama ameshika mkia wa ng'ombe. Jumapili mchana tulikuwa watu elfu moja sebuleni. Haya, tuseme arobaini, lakini arobaini wale walipumua kama elfu.

Baba alikuwa fundi wa magari. Televisheni ile aliipata kwa mteja ikiwa imekufa kabisa, akaifufua kwa nyaya za taa za lori, na tangu siku hiyo ilikuwa ikinuka mafuta ya dizeli kidogo ikipata moto. Kwetu kila kitu kilinuka gereji. Tuliamshwa na nyundo za mafundi, tukacheza kwa kusukuma rimu za magari, tukatengeneza vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi vilivyopiga kelele kuliko ndege. Watoto wa siku hizi ukiwapa beringi wanauliza inachajiwa wapi.

Na vita je? Vita ilikuwepo, tena karibu. Bunduki zikianza kulia huko milimani, Mama alisema neno moja tu, "chini," na sisi chini, na sahani mkononi. Nilijifunza kula ugali na ndagala nimelala kifudifudi bila kumwaga mchuzi. Mpaka leo naweza. Milio ikitulia tunakaa, tunaendelea na pale tulipoishia, na mtu wa antena anarudi juu ya mabati.

Kilichotukusanya Jumapili kilikuwa kipindi cha kuchekesha cha familia moja ya ng'ambo. Jina lake hatukulijua, sisi tuliita Watu wa Ngazi, maana nyumba yao ilikuwa na ngazi ndani, na hatukuelewa mtu anapanda kwenda wapi wakati tayari yuko nyumbani. Kulikuwa na baba mwenye kitambi, mama mwenye nywele kama kiota, wasichana wawili, na mtoto mdogo wa kiume ambaye katika sehemu ya kwanza alifika mlangoni na kisanduku mkononi. Tulimpenda huyo kuliko wote. Akivunja sahani, avenue nzima inacheka mpaka mwenye antena anatikisika na picha inapotea.

Walisema Kifaransa. Sebuleni aliyejua Kifaransa alikuwa Baba peke yake, naye alikisomea kwenye vitabu vya kutengeneza injini. Kwa hiyo alisimama kando ya televisheni na kitambaa chake cha kufutia grisi begani, akatutafsiria. Mke akilia, Baba anasema amechoka, betri imekwisha. Wasichana wakigombana, anasema wanagombania nani apande mbele. Tulipouliza ni watu gani wale wanaocheka bila kuonekana, akasema ni majirani, wako dirishani. Tukaridhika. Hata kwetu majirani walikuwa dirishani.

Na yule mtoto wa kisanduku? Baba alisema alikuwa likizo kwa bibi yake, sasa amerudi kwao. Tulikubali. Miezi mingi tulimtazama mtoto aliyerudi kutoka likizo.

Mimi na ndugu yangu Hamisi tulikaa mbele kabisa, kwa haki ya wenye nyumba. Yeye aliitwa mtoto wa Ramadhani, mimi mtoto wa Idi ya kuchinja, sote wa mwaka mmoja, ule uliofuata mwaka vita ilipoanza. Kwetu hakuna aliyeuliza tarehe. Unaulizwa umeangukia sikukuu gani. Tulikuwa darasa moja, tukivaa shati za kitambaa kimoja. Yeye mrefu, mwembamba, mpole. Mimi mfupi, na mdomo wangu haukuwahi kulala. Mama alisema nikijua kitu saa nne, saa tano kinajulikana hadi Uvira, ng'ambo ya ziwa.

Basi Jumapili moja Baba hakuwepo. Alikuwa ameenda Buterere kunyanyua lori lililozama kwenye mashamba ya mpunga, milio ikaanza upande ule, njia ikafungwa. Watu wamejaa, ngoma ya kipindi imelia, na mtafsiri hakuna. Ndipo akaitwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo aliyepanga chumba uani kwetu. Kwao alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Alikuja na ufagio mkononi, akasimama pale anaposimama Baba.

Siku hiyo mtoto wa kisanduku alikuwa amekasirika, amejifungia chumbani, na yule baba wa kitambi anazungumza naye nyuma ya mlango. Mama Furaha akasikiliza, akasema taratibu, kama anayesomea darasa, "Anamuambia: hata kama si sisi tulikuzaa, we ni mutoto wetu."

Tukamzomea. Mimi ndiye niliyeanza, naomba Mungu anisamehe. Nikasema huyu mama hajui Kifaransa, mtoto alikuwa likizo, kila mtu anajua. Watoto wote wakanifuata, likizo, likizo, tukipiga makofi. Mama Furaha hakukasirika. Alisema tu kwamba wale watu walimchukua mtoto ambaye wazazi wake walikufa, na kipindi chote kinahusu jambo hilo.

Nikasimama juu ya mkeka. Nikatangaza kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kuchukua mtoto wa wengine akamwita wake, na mtoto mwenyewe asijue.

Binti yake, Furaha, alikuwa na miaka kumi na kichwa cha hesabu. Hakuwa Mwislamu, kwa hiyo aliuliza kama mtu anayetaka kujua, "Toka Ramadhani mupaka Idi ya kuchinja ni miezi ngapi?"

Mimi, kijana wa madrasa, mwenye sauti kuliko muadhini, nilijibu kabla ya wote: haitimii mitatu.

"Na nyinyi mulizaliwa mwaka moja," akasema. "Mama yenu ni sungura?"

Hakuna aliyecheka. Niliona hesabu ikipita vichwani mwa watoto, mmoja baada ya mwingine. Nikageuka kuwatazama wakubwa waliokuwa nyuma, wanisaidie, wamkemee. Kila niliyemtazama alikuwa anaangalia miguu yake. Wote walikuwa wanajua. Wakubwa wote wa avenue, tena safari hii siongezi hata mmoja, walikuwa wanajua kitu kuhusu nyumba yetu ambacho mimi na Hamisi hatukukijua.

Mama alitoka jikoni, akazima televisheni, akasema umeme umekwisha. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Jioni nilimuuliza: ni nani kati yetu? Akaniuliza kama nina njaa. Nikasema sina. Akanipakulia.

Kesho yake Baba alirudi na matope hadi kiunoni. Nilimfuata gereji, nikapiga magoti kando ya gari alilolala chini yake, nikaongea na miguu yake. Spana ikanyamaza. Akajisukuma nje, akanitazama akiwa bado amelala chali.

"Mukijua, mutasema," akasema. "Mukisema, kuna mutu atasikia. Vita ikiisha nitawaambia. Apana mbele ya hapo."

Mtoto wa miaka minane wa Bujumbura ya wakati ule hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tulijua kuna watu wanaouliza mtu ametoka tumbo gani, na tulijua kuna majibu yanayoua. Nilielewa pia kwa nini mtoto wa televisheni alipelekwa likizo: Baba alielewa kila neno la Kifaransa kile, akakificha, kwa sababu ya huu mdomo wangu.

Wiki hiyohiyo Baba alikuwa na gari la kurudisha kwa mteja Mutanga Nord, akatuchukua tumsaidie kubeba vifaa. Tulipokaribia huko, njiani palikuwa na vijana wameweka gogo. Hawakuwa na sare. Mmoja akainama dirishani, akamtazama Hamisi, akanitazama mimi, akarudi kwa Hamisi. Alitutazama kama mtu anayechagua embe sokoni. Akamuuliza Baba kama sote ni wake. Baba akasema ndiyo. Yule akasema hatufanani.

Akafungua mlango wa nyuma, akanishusha mimi, mdogo. Baba alitaka kushuka, mwingine akamwekea mkono begani. Nilimwona Hamisi kwenye kiti, ameshika mfuko wa spana kifuani kama mtu ameshika mto. Nikajua kwamba kuna jibu moja litakalotufikisha nyumbani, na jibu hilo liko mdomoni mwangu, mdomo ambao haujawahi kuhifadhi kitu tangu uumbwe.

"We, huyu ni nani yako?" akaniuliza.

Nikasema ni pacha wangu. Yeye alitoka asubuhi, mimi nikatoka jioni. Akauliza kwa nini nichelewe hivyo.

"Nilikuwa ninakula," nikasema. "Na yeye aliponiachia nafasi, nikalala kidogo."

Kijana akanitazama tumboni, akaanza kucheka. Wenzake wakauliza kuna nini, ikabidi nirudie, nikaongeza kwamba daktari alikwenda nyumbani akabadilisha shati akarudi, na mimi bado. Walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye gogo. Kisha wakalisogeza.

Baba aliendesha hadi kona ya pili, akasimamisha gari. Alichukua kopo la maji ya rejeta akajimwagia usoni.

Baada ya hapo mimi na Hamisi hatukuulizana tena, lakini mimi nilijua ni mimi. Mfupi, mlafi, mwenye kelele: nani mwingine? Nikaanza kuwa mwema kwa hofu. Nilisugua sufuria hadi zikawa vioo. Niliacha kuomba nyama ya pili, nisije nikaonekana mzigo nikarudishwa, ingawa sikujua kurudishwa kwenyewe ni wapi. Hamisi naye, sijui alipatwa na nini, akawa anafua nguo zetu wote wawili, anachota maji kabla ya alfajiri. Mama alikuwa na watoto watakatifu kuliko wote Burundi, na kila akitutazama macho yanamjaa machozi. Ilikuwa hivyo miaka mitatu.

Mwaka bunduki ziliponyamaza, watu wamepiga kura na milima imetulia, Baba alituita siku ya Ijumaa baada ya sala. Akatuambia tulete viti. Kisha akamgeukia Mama, aseme yeye.

"Muliuliza ni nani kati yenu," akasema. "Ni nyinyi wote mbili."

Mama hakuwahi kuzaa. Hamisi aliletwa mlangoni akiwa mchanga mwezi wa Ramadhani, ameviringishwa kwenye koti la mwanamume. Mimi nililetwa Idi ya kuchinja, ndani ya ndoo ya plastiki, nalia kama king'ora. Tulitoka vitongoji viwili ambavyo vijana wake, miaka ile, wakikutana njiani, mmoja hakufika kwao. Mama alituambia nani ametoka kipi. Mimi niliyemaliza shule ukubwani, madarasa ya jioni, na ndevu usoni, ninayesimulia kila kitu mara mbili na chumvi juu, hilo siandiki. Nimelimeza.

Hamisi alikuwa wa kwanza kusema. "Kumbe nimekufulia nguo miaka mitatu bure," akasema. Naye alikuwa na hakika ni yeye, kwa sababu ni mrefu na Baba ni mfupi.

Nikauliza lililonichoma kuliko yote: kama hivyo ndivyo, basi mimi na Hamisi si ndugu. Hapo Mama alikasirika kweli. Akasema jirani wa ukuta wa pili, Mama Zaina, alikuwa na mtoto mchanga mwaka ule, na alitunyonyesha sote wawili, huyu titi hili, huyu lile, mpaka tukaota meno. Imamu aliitwa akashuhudia. Waliokunywa maziwa ya mama mmoja ni ndugu mbele ya Mungu, Mama akasema, na hakuna karatasi wala bunduki inayoweza kulitengua hilo. Kisha akatuuliza kama tuna njaa, na mara hii tulisema ndiyo.

Sasa nina watoto watatu na simu nne nyumbani. Jioni kila mmoja amekaa kona yake, anacheka peke yake na kitu masikioni. Juzi mkubwa alipiga picha supu yangu kabla sijaionja, akaituma, na kabla sijashika kijiko shemeji yangu alinipigia kutoka Kigoma kuniuliza mbona naila bila ndimu.

Mimi hufikiria avenue yetu. Aliyenyonyesha alijua, walioleta walijua, imamu alijua, fundi jirani, muuza mkaa, wale wakubwa waliotazama miguu yao. Walikuwa watu waliogombania kila kitu, ndoo, kivuli, zamu ya bomba. Katika miaka ambayo neno moja lilitosha, hawakulitoa. Nawatazama wanangu na simu zao, nao ni watoto wazuri, sisemi, lakini najiuliza kama mtaa wao ungeweza kunyamaza hivyo kwa ajili ya watoto wawili wa watu, hata kwa siku moja.