Tonton Aliyekataa Kuvuka Mto

Enzi zetu za Stanleyville, mimi niliamini nyambizi, ile meli ya vita inayokwenda chini ya maji, ni samaki. Samaki kabisa, mwenye meno, anayefugwa na Wajerumani. Nichekeni tu, wa rika langu, lakini nanyi mlimeza mbegu za papai mkangoja mti uote tumboni.

Yote yalianzia kwa Tonton Bosco, kaka yake mama. Wakati wa vita alikuwa akitia makaa katika meli ya mizigo iliyobeba mawese kutoka Matadi. Nyambizi ikaizamisha katikati ya bahari. Alirudi kwetu Kabondo mzima, ila mtu huyo wa Isangi, aliyejifunza kutembea ndani ya mtumbwi, hakukanyaga tena chombo chochote cha maji. Sisi watoto, midomo iking'aa mafuta ya lituma, zile ndizi za kupondwa, tuliizamisha meli yake kila tulipotoka shule: kigogo cha mgomba, mawe, kelele. Leo wajukuu wangu huzamisha meli kwa kidole, kwenye simu, na hata hawalowi.

Bon. Tonton akamchumbia binti wa ng'ambo ya mto, Lubunga. Desturi ilimtaka avuke mwenyewe kumchukua. Hakuvuka. Wazee wa binti wakaja kuuliza sababu, na mimi, kimbelembele, nikawajibu kabla ya wakubwa: kuna samaki wa Wajerumani anamtafuta. Watu wa mto hawachezi na neno kama hilo. Anayefuatwa na kitu cha maji huzamisha mtumbwi mzima. Wakaanza kuinuka.

Ndipo Tonton akasimulia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kile kitu kilikuwa chuma, akasema polepole. Kiliibuka karibu naye na wenzake wa melini, wakiwa wameng'ang'ania mbao, kikafunguka, wakatoka vijana.

"Walikuwa batu tu, wazee wangu. Moja alikuwa na mafua. Walituangalia, kisha wakarudi ndani."

Wazee wakakaa tena, ila desturi ni desturi. Mwishowe wao wenyewe ndio waliopiga kafi kumleta binti, jambo ambalo Kabondo haikuwahi kuliona. Siku hizi vijana huoana kwa simu na kuachana kwa simu, na hakuna mzee anayelowesha miguu kwa ajili yao. Zamani ilitosha jirani mmoja kusema neno. Aliyewageuza wale wazee ni Mama Zaina, mtu wa Maniema, wa nyumba ya pili. Alikuwa kwenye kinu, akitwanga sombe, majani ya muhogo, na hata hakugeuka:

"Bahari yote ilimurudisha huyu mutu. Ninyi munamukatala juu ya muto?"