Jogoo wa Bi Mwatum, Ijumaa Kuu

Sirili dobi alikuwa mtu wa dini, hilo simnyimi. Mkatoliki peke yake katika uchochoro wetu wa Kiponda, na pasi yake ya makaa haipoi ila Jumapili. Lakini hasira zake, Mungu apishe mbali! Jogoo wa jirani yake, Bi Mwatum, alipokanyaga kanzu nyeupe ya padri iliyoanikwa, Sirili alimtolea mwanamke yule maneno ambayo mimi Mwanakheir siyarudii, nisijeharibu saumu yangu. Tangu hapo miaka miwili hawasemezani, na milango yao inatazamana.

Mwaka wa hamsini na tisa, Ramadhani na Kwaresima zikakutana. Bi Mwatum akanambia, "Mwezi huu hauishi mimi nna kinyongo na jirani." Akamchinjisha jogoo yule yule, kuku pekee aliyekuwa naye, akampika wa kupaka, kwa tui zito la nazi, akanipa sahani nimpelekee Sirili. Adhana ya magharibi ndiyo kwanza imekwisha.

Kumbe ni Ijumaa Kuu! Nyama kwao siku hiyo haiguswi. Sirili alipofunua sahani alikaa kitako. Akila, kamkosea Mungu wake. Akirudisha, ugomvi na Bi Mwatum hauna tena wa kuusuluhisha.

"Mwanakheir," akanambia, "hebu fungua dirisha."

Padri wao alikuwa kawahadithia habari za Mtakatifu Nikolao wa Tolentino, asiyekula nyama. Aliugua, akaletewa ndege wa kuchoma, akampigia ishara ya msalaba, ndege akaruka akenda zake. Wajifunze kwake, padri kasema, katika mambo yao ya kila siku. Basi Sirili naye akampigia msalaba jogoo wa kupaka. Tukangoja. Akampigia wa pili. Hata bawa halikutikisika. Na mimi, mjinga mie, nimelikodolea dirisha macho!

Bi Mwatum akaingia kutazama kama kaliwa. Nkamweleza. Wallahi, alilivamia dirisha akalitia komeo. "Asiruke! Nshamchinja kwa ajili yako, anirudie tena bandani?"

Sirili akaangua kilio. "Nisamehe, Bi Mwatum. Kuku gani atanirukia mimi? Nimeacha nyama Kwaresima nzima, kinyongo sikukiacha hata siku moja."

"Nilikusamehe tangu kisu kilipopita. Kula basi."

"Leo siwezi. Wewe umefuturu nini?"

Bi Mwatum akajitia kujitanda kanga yake upya. Nkajibu mimi: "Maji na tende moja. Kilichokuwamo nyumbani ndicho hicho kilichomo sahanini."

Sirili akainuka, akamkaribisha mkekani, akamnawisha mikono. Mwanamme aliyekuwa haitikii hata hodi yake, leo anamnyofolea paja, anamwekea mbele kipande kwa kipande, na tumbo lake linanguruma mpaka mimi nalisikia.

"Na wewe?" Bi Mwatum akamuuliza.

"Mie nshashiba," akasema, na toka asubuhi hajatia kitu kinywani.