Siku Niliyotema Chumvi Sokoni Kasongo

Nacheka nanyi sasa kwa kuwa mmeshaanza kunicheka, lakini siku ile, wallahi, ningeona shimo la muhanga ningeingia kichwa kwanza nikabaki humo mpaka watu wa Kasongo wasahau sura yangu. (Hawajasahau. Hata leo nikipita sokoni, lazima kuna mmoja ateme mate chini halafu aniangalie.)

Mjomba wangu Amisi, mtu wa misafara, aliniambia waziwazi kwamba nikikosa mwalimu wa kunifundisha kazi kabla hajaondoka, basi nitabeba pembe ya ndovu pamoja naye mpaka Ujiji, na mabega yangu mnayaona, hata kikapu cha mpunga kinanipinda. Mama hakutaka kusikia habari ya pembe, maana baba aliondoka na msafara akiwa mzima na hakurudi. Alitaka mwana mwenye elimu. Mimi pia nilitaka elimu, ila elimu ipi na kwa nani, hapo ndipo kichwa kilipovurugika.

Walimu walikuwa wawili. Kule mji wa Kabambare alikuwapo Bibi Mwayuma, Mbangubangu kwa kabila, mjuzi wa miti na wadudu na mizizi, jani gani linashusha homa na jani gani linaua. Hapa Kasongo alikuwapo Fundi Sumaili, anayechoma majani ya bwawani, akachuja majivu yake kwa maji, akachemsha yale maji mpaka chini ya chungu ikabaki chumvi, na sabuni alipika pia, na nili ya kutia nguo rangi aliijua. Kwa Bibi ungejifunza vitu vilivyo hai, kwa Fundi ungejifunza kugeuza kitu kikawa kitu kingine. Asubuhi nilikuwa mtu wa Bibi, mchana mtu wa Fundi, jioni sijui mtu wa nani. Nikaomba kwa wote wawili, nikidhani mmoja tu ndiye atakayenikubali, na hivyo nitakuwa nimepata mwalimu bila kuchagua.

Mjomba akanipeleka Kabambare. Bibi Mwayuma akanipa majani ninuse, nitafune, niseme lipi na lipi ni ndugu, kisha akanifunga kamba ya ukili mkononi.

"Sasa iko mutoto wangu," akasema. "Chumvi usilambe mpaka mimi mwenyewe nikate hii kamba. Kwetu mutu anajua jani kwa ulimi, na chumvi inaharibu ulimi."

Nikasema ndiyo. Alisema na mengine, kwamba atakuja Kasongo kumsalimu mama kabla ya masomo, lakini nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama sikukosea, kwa hiyo yalipita sikio hili yakatokea lile.

Nafika nyumbani, hata miguu sijanawa, namkuta Fundi Sumaili barazani. "Nimekukubali," akasema. "Kesho iko soko, tunafungua chumvi mupya. Ukuje mapema."

Sasa hapo mtu mwenye akili zake angejibu, samahani Fundi, nimeshapata mwalimu. Mimi nikavuta mkono wa kanzu ukafunika kamba, nikasema, "Ndiyo, Fundi, asante." Nilijiambia nitaonja elimu zote mbili kwanza, halafu nitajua (nitajua nini, msiniulize).

Nilichosahau ni jambo ambalo kila mtu Kasongo analijua: chumvi mpya hainunuliwi mpaka mwanafunzi wa fundi ailambe mbele ya watu na kuisifu, maana majani yakichanganywa vibaya chumvi hiyo inakata tumbo, na fundi hawezi kuaminiwa akijisifia mwenyewe. Kwa hiyo kesho yake nikasimamishwa mbele ya soko zima, wanawake na vikapu vyao, mjomba na wapagazi wake, na Fundi akanimiminia chumvi kiganjani huku akitabasamu kama bwana harusi.

Nikaiangalia. Nikawaza, nikilamba namwasi Bibi, nisipolamba namwaibisha Fundi, na labda nikigusisha mdomo tu bila ulimi haitahesabika. Watu wakaanza kunong'ona.

"Mbona halambi?"

"Iko anaogopa. Anajua kitu!"

Fundi akaniminya bega. Nikaogopa, nikalamba kiganja chote, na papo hapo naona mama anakuja katikati ya soko akiwa amejaa fahari, na pembeni yake, kamshika mkono, Bibi Mwayuma. Nikatema. Si kutema kidogo, ndugu zangu, nilitema kwa nguvu, chumvi ikaruka mpaka kwenye kanzu ya mjomba.

"Ametema! Chumvi iko na sumu!"

Vikapu vikapinduka, kuku wakakanyagwa, mama mmoja akajishika tumbo na hata hajaonja. Nami katika kujitetea nikainua mikono yote miwili juu, na mkono wa kanzu ukateremka, kamba ikaonekana na kila mwenye macho.

Bibi Mwayuma hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Akachota chumvi ya Fundi (mwiko ni wa wanafunzi, yeye wake uliisha zamani), akailamba taratibu, akawageukia watu.

"Chumvi iko muzuri," akasema. "Mutoto ndiye mubaya."

Soko likacheka, na biashara ikaendelea. Akatoa kisu, akakata kamba, na uanafunzi wangu kwake ukaishia hapo. Fundi naye akanigeuzia mgongo akawapimia watu chumvi yake.

Mama akanirudisha nyumbani. Tulipofika mlangoni akauliza, "Ulimwambia nani ndiyo?"

"Wote wawili, mama."

"Na miye nimeshaambia mutaa wote kama utakuwa mwalimu wa dawa."

Msafara ulipoondoka nilikuwamo, na pembe kichwani. Kata ya kuwekea mzigo alinisokotea mama mwenyewe, kwa kitambaa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na muda wote huo hakuinua macho. Nilirudi, alhamdulillahi, lakini nilimkuta amezeeka. Siku hizi nikialikwa mahali pawili nakaa nyumbani nakula mihogo yangu, na kijana akiniuliza ajifunze kwa nani, namwambia achague yeyote leo hii, hata kama atakosea. Mimi ningechagua mmoja, hata kwa kukosea, mama asingesokota ile kata.