Sukari Niliyompelekea Mama

Mama yangu anaishi peke yake nje kidogo ya Kabuku, katika nyumba aliyojenga pamoja na marehemu baba, yenye michungwa nyuma. Mimi niliolewa Korogwe, na huko ndiko ninakoshona nguo sokoni. Mama hana mtoto mwingine. Kwa hiyo nikienda kumwona sikwenda mikono mitupu, na kwetu mtoto anayekwenda kwa mzazi hupeleka sukari. Sabuni unaweza kuisahau, ukasamehewa. Sukari, majirani watauliza.

Niliipeleka nyingi, kwa sababu nilikuwa siendi mara nyingi. Nguo za harusi, sare za shule, nguo za Idi, daima kulikuwa na mtu anayesubiri. Nikishindwa kwenda nilimpa kondakta wa basi mfuko, akauache kwa mwenye duka pale barabarani, mama aupitie. Jioni nampigia simu.

"Umeipata, mama?"

"Nimeipata, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nikikata simu moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Siku moja, msimu wa mahindi mabichi, nilifika bila kumwambia. Nilimkuta amekaa barazani, bakuli mapajani, anachovya ugali kwenye chai. Mboga alikuwa ameiweka kando. Nilipomwamkia aliitikia huku amefumba mdomo, na nilipomsogelea nikaona shavu la kushoto limevimba.

"Jino?"

"Dogo tu. Limeshatibiwa."

Kumbe kulikuwa na mwanamke mmoja anayepita vijijini akitibu meno. Alikuwa amemfukiza mama kwa moshi wa mbegu za ndulele, akamwinamisha juu ya beseni la maji, kisha akamwonyesha wadudu wanaoelea. Mama aliniambia walikuwa weupe, wadogo kama punje za mtama. Alikuwa amewaona kwa macho yake.

"Kama wametoka, mbona shavu limevimba?"

"Labda amebaki mama yao," akasema, akacheka, kisha akashika shavu na kulalama kwa Kizigua, kama afanyavyo anapoumia kweli.

Usiku ule hakulala. Asubuhi nikamwambia tunakwenda Korogwe, hospitali. Alikubali upesi mno, na hapo nikajua maumivu yalikuwa ya siku nyingi. Alijitanda kanga mbili, akafunga mlango, akachukua chupa yake ya chai.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo, umri wa kuweza kuwa mjukuu wa mama. Alimwamkia shikamoo, akamlaza kwenye kiti, akawasha taa. Alitazama muda mrefu. Alikuwa akigonga jino moja baada ya jingine kwa chuma chembamba, na mama akishtuka huku na huku. Mimi nilisimama nyuma yake nikaona ambacho sikuwahi kukiona: karibu na fizi, pale jino linapoanzia, meno yake mengi yalikuwa na mstari wa kahawia, kama mti uliotafunwa na mchwa kwenye shina.

"Bibi, unatumia dawa zozote?"

"Za presha."

"Na mdomo unakauka?"

"Sana. Ndiyo maana chupa hainitoki mkononi."

"Chupa ya nini?"

Mama akaionyesha kwa kidole, pale miguuni pangu. "Chai, mwanangu. Tangu mzee wangu atangulie mbele ya haki, ndiyo mwenzangu. Asubuhi, mchana, hata nikiamka usiku nanywa mafunda mawili."

"Na sukari?"

Hapo mama aliinuka kidogo kwenye kiti, shavu lake lile limevimba, akanielekezea mkono kwa fahari.

"Sukari sijawahi kupungukiwa. Ananiletea huyu. Asipokuja anaituma kwa basi. Wenzangu wana watoto watano na sukari wanaazima kwangu."

Daktari alinitazama, akatabasamu kwa adabu. Mimi niliangalia sakafu. Hakuna aliyenilaumu mle ndani. Mama alikuwa akinisifu, na kila neno la sifa lilinichoma. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu nilikuwa nimeacha sukari kwenye chai tangu niambiwe kliniki kwamba uzito wangu unapanda. Niliiacha Korogwe, nikaendelea kuipeleka Kabuku.

Binti alieleza taratibu, akimtazama mama, si mimi. Hakuna mdudu anayeishi ndani ya jino. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sukari inayobaki mdomoni na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa. Mate huosha na kulitengeneza jino, lakini mate ya mama yalikuwa yamepungua. "Halafu tatizo si wingi wa sukari tu, bibi. Ni mara ngapi. Ukinywa funda kila baada ya muda kidogo, jino halipati nafasi ya kupumua."

Magego mawili yalikuwa hayafai tena. Aliyang'oa siku ile kwa ganzi. Mama alinishika kidole. Mengine yangezibwa akirudi uvimbe ukiisha. Alimpa dawa, akamwelekeza apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye madini ya floridi, ateme povu bila kusukutua kwa maji. Kiu ya katikati, maji matupu. Chai yenye sukari, kama haiwezekani kuiacha, pamoja na chakula tu.

Mama alizibwa meno matatu, nami nikarudi kwenye cherehani nikiwa na nadhiri. Safari iliyofuata nilibeba mchele, dagaa, mafuta ya kupikia, mswaki laini na dawa ya meno. Sukari sikubeba hata chembe, na tangu siku ile ya hospitali nilikuwa sijaituma hata kwa basi.

Nilikuwa chumbani nikibadili nguo niliposikia jirani yake, bibi mmoja rafiki yake wa miaka mingi, akiuliza barazani, "Leo mwanao kaleta nini?"

"Kaleta kila kitu."

"Na sukari?"

"Imejaa huko ndani," mama akasema. "Sina pa kuiweka."

Mama yangu haongopi. Nilikaa kitandani, gauni limenikwama shingoni, nikaona aibu hata kutoka. Nilipotoka, jirani alikuwa amekwishaondoka. Nikamuuliza mama mbona hakukaa.

"Akae na nini?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa akichambua dagaa. "Zamani alasiri walikuja watatu, wanne. Tunamimina, tunaongea, magharibi inaingia hatujui. Mtu humkaribishi na maji."

Kumbe chupa ile haikuwa ya mama peke yake. Nilikuwa nimemharibia meno nikidhani namtunza, na sasa namtunza kweli nikawa nimemfukuzia wageni. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini nisamehe kwa lipi? Angenicheka. Nilimwambia tu, "Basi nitakuletea ya wageni."

Aliacha dagaa, akanitazama. "Nami nikimimina yao, nikae natazama?"

Tukajaribu. Nilichemsha chai ya tangawizi na mdalasini, rangi tupu bila sukari, nikamwekea kwenye kikombe chake. Alionja, akakunja uso. "Hii ni ya kumpa mgonjwa." Lakini alimaliza. Kesho yake kabla sijaondoka alimwita jirani, akamwekea mbele yake bakuli la sukari niliyoinunua dukani asubuhi, yeye akanywa yake hivyo hivyo. Jirani akamuuliza kama ana kisukari. Mama akajibu, "Nina meno." Wakacheka mpaka mama akasahau kufunika mapengo yake.

Si kwamba mambo yalinyooka. Jino moja lililozibwa lilimsumbua, likang'olewa nalo. Kuna siku nilipiga simu nikamsikia anakoroga kijiko kikombeni, nikamuuliza kama mvua imenyesha. Lakini tuliporudi kwa daktari baada ya miezi kadhaa, yule binti alitazama na kugonga, akasema hakuna tundu jipya, na ile mistari ya kahawia imekuwa migumu, haiendelei kuliwa. Mama alimshukuru, akamwombea mume mwema. Mimi nilingoja faraja iingie, ikaingia nusu.

Nilimsindikiza mama mpaka stendi. Alinunua hindi la kuchoma, akalitafuna polepole upande wa kulia, akilifurahia, akiniambia habari za michungwa na za mbuzi wa jirani. Basi lilipowashwa alinipa gunzi nikalitupe, akapanda, akakaa dirishani.

"Utakuja lini?"

"Mwezi ujao, mama. Nina sare za shule nyingi, nikizimaliza tu."

"Inshallah," akasema, kwa sauti ile anayotumia kwa mambo asiyoyategemea, akajifunga kanga vizuri na kutazama mbele.