Sinia la Wote na Sahani ya Dada

Nyumbani kwetu Lipangalala, Ifakara, kulikuwa na sinia moja na sahani moja. Sinia lilikuwa la watu wote. Sahani ilikuwa ya dada.

Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ua la bluu katikati, na rangi ilikuwa imebanduka ukingoni. Ilioshwa peke yake na kuanikwa peke yake juu ya kichanja. Dada yangu alikuwa na kifafa. Kilimwanza mwaka aliomaliza darasa la saba, na mara moja kilimwangusha motoni, mkono wa kushoto ukabaki na kovu lililovuta vidole viwili. Kwetu watu waliamini ugonjwa ule unapita kwenye mate. Mtu akianguka, hashikwi mpaka atulie, na akiamka hali tena na wenzake. Hakuna aliyemchukia. Mama alimpenda kuliko sisi wengine na hakuficha. Lakini chakula kilipokuwa tayari tulizunguka sinia, na dada akaenda na sahani yake kukaa kwenye kizingiti cha jiko.

"Nakula kama mkuu wa wilaya," alikuwa akisema. "Peke yangu, na hakuna wa kunigombania nyama."

Tulicheka. Lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua alichokitaka. Aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya sabuni: "Nataka kabla sijafa nile na nyie."

Katika miaka ya tisini walikuja mjini Ifakara watafiti wa ubongo. Walipewa vyumba viwili kwenye kituo cha utafiti, na mara moja kwa mwezi waliona wagonjwa wa kifafa na kuwapa vidonge. Sisi tuliwaita watu wa ubongo. Mkuu wao alikuwa daktari kijana kutoka kaskazini, mrefu, mwenye viatu ambavyo matope yetu yalivimaliza kwa msimu mmoja. Mimi nilimsindikiza dada kila kliniki, na kwa kuwa nilikaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri, niliwazoea.

Sikuwahi kuona watu wanaobishana vile na kupendana vile. Waligombana juu ya friji moja, nani kaweka samaki wake karibu na damu za wagonjwa. Umeme ukikatika wote waliacha chai wakakimbilia friji hiyo hiyo na mablanketi. Mama mmoja Mzungu aliyekuwa akitazama kwenye hadubini alilia siku moja kwa sababu vipande alivyovipaka rangi viliharibika, na yule daktari akamletea mihogo ya kuchemsha, akakaa kando yake. Kliniki ikiisha walituita wagonjwa na wasindikizaji tunywe chai nao barazani. Dada aliipenda saa ile kuliko vidonge. Kila mtu alikuwa na kikombe chake, kwa hiyo hapakuwa na wa kutengwa.

"Daktari, kwenu mnakula nini?" alimuuliza siku moja.

"Ndizi, dada."

"Ndiyo maana umerefuka hivyo bila kukomaa. Kaa hapa ule wali, utatulia."

Kila mwezi daktari alisimama akatuambia wote kwamba kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa kugusana. Tulisema ndiyo, daktari. Tulirudi nyumbani, na dada akachukua sahani yake.

Baadaye daktari aliona mambo ambayo sisi tulikuwa tumeyazoea. Kope za dada zilikuwa nzito, macho yake yalionekana ya usingizi hata asubuhi. Akichuchumaa, aliinuka kwa kushika kitu. Akatuuliza kuhusu mama. Nikamwambia mama hasikii vizuri, na kaka yake anayekaa Mang'ula huwa anaanguka kama dada. Daktari akaacha kuandika akanitazama. Wiki ile ile alikuja nyumbani.

Hapa lazima niseme jinsi tulivyozungumza na mama. Ulikuwa unakaa karibu na sikio lake la kulia na kupiga kelele. Nyumbani kwetu hapakuwa na siri. Neno likimfikia mama, lilikuwa limeshafika nyumba ya nne.

Daktari alisema polepole, na mimi nikapiga kelele nyuma yake, kwa Kiswahili na kwa Kipogoro. Alisema mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila chumba kuna vitu vidogo zaidi vinavyoitwa mitokondria. Kazi yake ni kama ya jiko: chakula kinaingia, nguvu inatoka. Ubongo na misuli ndivyo vinavyohitaji moto mwingi, kwa hiyo majiko hayo yakiwa mabovu, mtu huchoka, huanguka, wengine masikio hufa. Na majiko hayo mtoto hayapati kwa baba hata moja. Anayapata yote kwa mama.

"Kwa mama tu?" aliuliza mama.

"KWA MAMA TU!" nilipiga kelele.

Uani, shangazi yetu alikuwa akipepeta mchele. Huyu ni dada wa marehemu baba, tuliishi naye. Akaacha kupepeta. "Si nilisema?" alisema. "Miaka yote nasema huu ugonjwa ni wa upande wa mama yao. Wa kwetu hawaanguki."

Daktari alikuwa akiinua mkono. "Bado hatujui. Nataka kupima kwanza. Mwambie mama bado hatujui."

Nilipiga kelele tena, lakini mama alikuwa ameshaondoa sikio. Alikaa ametazama mikono yake. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anahesabu jambo. Mchana ule, chakula kilipoiva, alichukua sahani ya bati, akaimimina ndani ya sinia, wali na mchuzi, akaitupa sahani kule kwenye kuku. Kisha akamshika dada mkono ule wenye kovu, akamkalisha kando yake.

Shangazi akarudisha mkono wake nyuma. "Wifi, unatuua."

"Umesema mwenyewe ni ugonjwa wa upande wangu," alisema mama. "Na daktari kasema hivyo. Kama ni wa upande wangu, basi nimempa tumboni. Wewe umepita tumboni mwangu?"

"Sijapita."

"Basi unaogopa nini? Mambo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, wifi. Ama ni mimi, ama ni mate. Chagua."

Shangazi alikuwa amesema ni mama kwa miaka mingi mno. Hakuweza kurudi nyuma mbele yetu. Akazunguka akakaa upande wa mbali, akala kwa ncha za vidole. Dada hakula sana siku ile. Alimega kidogo, akatazama vidole vyetu vikikutana katikati ya sinia, akamega tena. Nyama ya mwisho nilimgombania, kwa makusudi. Akanipiga kofi la mkononi.

"Mkuu wa wilaya amekosa nyama," nikasema.

"Ameshushwa cheo," akajibu, na mchuzi mdomoni.

Nilipomsimulia daktari, aliweka kalamu chini. Kisha akasema, kama anajisemea, "Nimewaambia kifafa hakiambukizi, hamkusikia. Nikawaambia kitu nisicho na hakika nacho, mmesikia."

Walimpima. Walimchoma sindano ya ganzi pajani na kutoa kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mpunga iliyovimba. Wakakitia ndani ya mtungi uliotoa moshi wa baridi, na daktari mwenyewe akapanda nao treni kwenda Dar es Salaam, mtungi ameupakata, ili ukasafirishwe mbali zaidi. Wenzake wote walimsindikiza stesheni. Mama wa hadubini alimwagiza mara nyingi asiulaze mtungi, mpaka dada akamwambia, "Mama, wacha. Paja langu liko mikononi mwa mtu mwenye akili."

Majibu yalikawia. Mvua zikaja, tukavuka na kivuko kwenda shambani ng'ambo ya mto, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa Ifakara: msimu wa mpunga nyumba za mjini hubaki na kuku na wazee. Miaka mingine dada aliachwa mjini. Mwaka huo alikuja. Hatukumruhusu kupanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege, maana angeweza kuanguka. Alikaa chini akivuta kamba za makopo, na sauti yake ikafukuza ndege kuliko makopo. Kwa vidonge alikuwa akianguka mara chache. Shambani kulikuwa na sinia lile lile moja, na ukisubiri wengine washibe, hulali na kitu tumboni. Mpaka mavuno shangazi alikuwa ameacha kula kwa ncha za vidole.

Tuliporudi mjini, daktari akaja. Nilipomwona anavua viatu mlangoni nilijua kaleta majibu. Alisalimia, "Shikamoo, mama," mama akaitika, na yeye akakaa akaniambia mimi kwanza.

"Misuli yake ni mizima. Mitokondria yake ni mizima. Tulikosea. Kope na uchovu, nadhani ni vidonge vyenyewe na upungufu wa damu. Masikio ya mama ni usaha wa utotoni. Mjomba wenu ana kifafa chake, na dada ana chake, na chanzo sikijui." Alikuwa amekonda. Mama wa hadubini aliniambia baadaye kwamba siku majibu yalipofika walikunywa chai bila kubishana. Walikuwa wametumaini kupata kitu. Daktari hakumtuma mtu; alikuja mwenyewe kusema hakukipata.

Nilimtazama mama. Alikuwa ametega sikio. Uani shangazi alikuwa anatwanga. Kama ni mitokondria, dada yuko kwenye sinia. Kama si mitokondria, sikujua. Nikanyamaza.

Dada ndiye aliyesema. "Mwambie."

"Nitamwambia kesho."

"Mpigie kelele sasa hivi, mdogo wangu. Mimi sitaki kula kwa uongo."

Nikapiga kelele. Nilisema yote, kwamba majiko ni mazima, kwamba ugonjwa haukutoka kwake. Mtwangio ulinyamaza. Nyumba ya jirani nayo ilinyamaza.

Shangazi akaja mlangoni, mchi mkononi. "Basi, wifi. Mambo mawili ulisema. Kama si wewe, ni mate."

Mama alisogeza sikio karibu nami. Kisha akaniuliza mimi, si daktari: "Tangu tumekula pamoja, nani kaanguka?"

"HAKUNA!"

"Shangazi yako kaanguka?"

"HAJAANGUKA!"

"Na alikuwa anafukuzana na huyu kwenye ukoko wa wali." Akamgeukia shangazi. "Nilikosea, wifi. Mambo yalikuwa matatu. Sio mimi, sio mate, ni kitu kingine."

Daktari alicheka, na nadhani macho yake yalikuwa na maji. "Mama, hilo nalisema kila mwezi kliniki."

Nikampelekea mama maneno hayo.

"Wewe ulikuwa unasema, mwanangu," alijibu mama. "Sisi tumekula."

Shangazi alihamisha mchi mkono wa pili. Akasema mpunga haujitwangi, akarudi kwenye kinu. Mchana alikuja kukaa kwenye sinia mahali pale pale alipokaa siku zote, na daktari tukamkalisha katikati yake na dada.

Dada alikufa masika yaliyofuata. Ilikuwa malaria, si kifafa. Nalisema kwa sababu watu wengi hawakuamini. Watu wa ubongo walikuja wote. Daktari alishika jembe kaburini, na mama wa hadubini alikaa na wanawake kuosha vyombo, akivunja kuliko kuosha.

Kwetu huwekwa juu ya kaburi chombo alichokitumia marehemu. Wazee wakauliza sahani yake iko wapi. Nilikwenda kuitafuta. Ilikuwa bado kwa kuku, ina maji yao. Nilipokuwa naisafisha shangazi akanikuta.

"Hiyo ya kuku ya nini?" alisema. "Hakuwa akila humo."

Akaingia ndani akatoka na sinia. Alilipeleka kaburini mwenyewe, akalitoboa kwa msumari lisije likaibiwa, akaliweka. Mama hakusikia yaliyosemwa. Aliona tu, akasogea kumpisha.

Jioni ile chakula kiliwekwa kwenye ungo uliotandikwa majani ya mgomba, maana sinia halikuwepo. Shangazi alikaa kando yangu, upande aliokuwa akikaa dada, akanisukumia nyama.