Kishimo cha Edina

Kasilda wa Kabungu alikuwa mtu wa kucheka na kila mpita njia, na hao wanaosema siku hizi ana maringo hawajui wanachokisema. Mwanawe wa kwanza, Zakayo, alikaza shingo kwa wakati wake, akacheka kwa wakati wake, akajigeuza kifudifudi mapema hata majirani wakamsifu. Akiwa na miezi mitano na siku tisa, homa ikamchukua kati ya asubuhi na jioni. Wiki hiyohiyo bibi yake alikuwa amemchimbia kishimo cha kujifunzia kukaa, kama walivyochimbiwa watoto wote wa nyumba ile: kina cha kumfika mtoto kiunoni, na kanga imezungushwa ndani ili asiyumbe. Zakayo hakuwahi kukikalia. Alichimbiwa kingine.

Sasa yupo Edina, wa miezi mitano na siku nane. Kasilda anapalilia mahindi naye mgongoni, anapika naye mgongoni. Mtoto akisinzia mchana, mama anamwekea kidole puani asikie pumzi. Nesi wa kliniki alimwambia, "Mtoto ana nguvu huyu. Mshushe acheze chini." Kasilda aliitikia vizuri tu, akakaza fundo la mbeleko.

Mama mkwe wake, Tereza, hakuwa na subira na mambo hayo. Jumatatu alichukua jembe akachimba kishimo kando ya jiko. Kasilda akakiona. Alikifukia kwa miguu akakanyaga mpaka pakawa sawa. Jumanne Tereza alichimba tena, Kasilda akafukia tena.

"Mama Edina, unashindana na mimi?"

"Siwezi kumwona mtoto wangu shimoni, mama."

"Hilo si shimo. Hicho ni kiti chake."

"Udongo ni uleule."

Tereza alichukua jembe lake akaenda, lakini mwanamke yule akiondoka hivyo ujue hajakubali.

Jumatano Kasilda alimwacha Edina amelala mkekani, akakimbilia bombani. Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Mtoto alikuwa amezama ardhini hadi kiunoni. Ndoo ilimponyoka, akapiga mbio huku akilia, "Zakayo! Zakayo wangu!"

Edina akageuka kufuata sauti. Mgongo ulikuwa umenyooka. Akaupigapiga udongo kwa viganja vyote viwili, akacheka.

Kasilda alipiga magoti mbele yake, asijue amtoe au amwache. Alihisi aibu kwa jina lililomtoka, na hofu ilikuwa haijaondoka. Alihesabu siku kwa vidole, akahesabu upya. Tangu asubuhi ile Edina alikuwa amempita kaka yake.

"Mama," alimwambia Tereza aliyesimama nyuma yake, bila kugeuka, "mimi niliishia hapa. Wakishakaa, wanafanya nini?"

Tereza alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Badala yake alikaa chini, hapohapo kwenye matope ya maji yaliyomwagika.

"Wanatambaa, mwanangu," alisema. "Halafu wanasimama."

Kasilda akamwomba arudie.